Wasifu wa Bi Onja, Aliyerudisha Lori la Chakula

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Onja, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi cherehani. Mama yake, aliyekuwa akifua nguo za watu, alipenda kusimulia kwamba uchungu ulipomshika, baba alichanganyikiwa hata akaishona suruali ya mteja miguu miwili pamoja. Mwenye suruali alikuja kuichukua, akaitazama, akauliza kama mtoto ni mzima. Marehemu alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Leo amebaki mmoja tu, kitinda mimba, ambaye ndiye anayewasomea haya, na anaomba radhi mapema kama sauti itamkatika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Mwaka wa tatu wa masomo yake baba alivunjika mkono wa kulia, cherehani ikanyamaza miezi mitano, na nyumba ile ikaonja maisha ya kupewa. Kila Jumamosi alikuja mama mmoja mwenye uwezo, kutoka nyumba za juu, na sufuria ya mabaki: wali, mifupa, maganda ya mkate na mchuzi uliopoa, vyote vimechanganywa. Kilichomkaa marehemu rohoni hakikuwa chakula chenyewe. Ni kwamba mgeni huyo alivuta kiti, akakaa, akawatazama watoto wakila. "Semeni asante," alisema. "Sijasikia. Semeni vizuri." Marehemu, akiwa na miaka tisa, aliitamka asante mara tatu, kisha akatoka kwenda kutapika nyuma ya pipa la maji. Mama alimfuata akamgombeza kwa sauti ya chini: "Ukitapika vya watu wataacha kuleta, na wadogo zako watakula nini?" Aibu ya siku hiyo hakuisahau, na karipio lile pia hakulisahau, ingawa kwa miaka mingi alijifanya amelisahau.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975, akifaulu vizuri sayansi kimu na akianguka vibaya hesabu, jambo alilolisema bila haya. Baada ya mafunzo ya upishi ya miaka miwili aliajiriwa katika jiko la hospitali mwaka 1978, akawa mpishi mkuu mwaka 1991, akastaafu mwaka 2012. Katika jiko hilo ndipo jina la Bi Onja lilipozaliwa. Hakuna chungu kilichotoka jikoni kwenda wodini bila yeye kuonja, na aliona si haki kuonja peke yake. Siku moja wagonjwa walilalamikia uji, na daktari mkuu akajibu kwamba uji hauna kasoro. Marehemu alimfuata ofisini na kikombe. "Daktari, hebu onja." Daktari alisema ameshakunywa chai. "Onja tu, kijiko kimoja." Alionja. Uso ulimshuka, akatafuta leso. Kesho yake uji ulikuwa na sukari, na wapishi walicheka juma zima.

Alifunga ndoa na fundi wa redio tarehe 3 Desemba 1983. Fundi huyo aliitwa kutengeneza redio ya jikoni, ikapona, ikaharibika tena Jumatano, ikapona, ikaharibika tena Jumatano iliyofuata. Marehemu alikuja kugundua kwamba waya ulilegezwa na fundi mwenyewe kila alipoondoka. Alimwambia, "Kama unataka kuja, njoo. Redio yetu iache." Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mkunga na mwana ambaye ni fundi bomba. Shemeji yetu alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Februari 2013, akiwa mstaafu asiyejua kukaa, marehemu alianzisha ghala la chakula cha wahitaji katika chumba kilichokuwa darasa la upigaji chapa. Mdogo wake, huyu anayewasomea, alikuwa katibu. Taratibu za pale alizitunga mwenyewe, na zilikuwa kali. Mtoaji alipokelewa kwenye meza mlangoni, na alichokileta lazima kiwe kile ambacho yeye angekula. Akitilia shaka, marehemu alikipika pale pale kwenye jiko la gesi, akamsogezea sahani. Wengi walikuja na unga wenye wadudu wakaondoka nao. Hakuna hotuba, hakuna picha. Mpokeaji alibeba vyake kwenye mfuko wa kawaida wa sokoni, ili njiani aonekane katoka kununua. Na hakuna aliyeulizwa jina. "Mwenye njaa si mshitakiwa," marehemu alimwambia katibu alipotaka kuweka daftari la majina. "Utamwandikia nini?"

Watu walimsifu kwa taratibu hizo, na alistahili. Lakini wasifu huu una jambo jingine, ambalo marehemu aliagiza lisomwe. Baadhi yetu katika familia tulipinga, tukisema mbele ya kaburi si mahali pake. Shangazi mmoja bado hajakubali, na leo amekaa kwa heshima tu.

Jumamosi tarehe 12 Agosti 2017 alikuja mwenye duka la jumla na lori zima: mchele, maharage, mafuta ya kula, na makasha ya unga wa uji wa watoto. Alikuja pia na mpiga picha, akataka wahitaji wapangwe mstari mbele ya lori. Marehemu alifungua kasha, akasoma tarehe. Unga ulikuwa umepitwa na muda kwa siku kumi na moja. Aliwasha jiko, akakoroga uji, akamwekea bwana mkubwa yule mezani, mbele ya uwanja uliojaa watu.

"Karibu, onja."

"Mama, mimi nimeleta msaada, sijaja kula."

"Kijiko kimoja tu, kaka yangu."

Alikataa. Marehemu akamwambia arudi na unga wake, na picha hazipigwi. Mwenye duka akasema, "Ukirudisha unga, narudi na vyote."

"Rudi navyo vyote," alisema marehemu.

Lori liliondoka na mchele, na maharage, na mafuta, ambavyo havikuwa na kasoro hata kidogo. Watu kadhaa uwanjani walipiga makofi. Katibu alikuwa mmoja wao, na hadi leo mikono hiyo inamwasha. Hakuna aliyewatazama waliokuwa hawapigi.

Habari zilienea, na watoaji wengine wakaogopa kwenda kuumbuliwa mbele za watu. Juma la tatu rafu zilikuwa nyeupe. Alhamisi tarehe 14 Septemba, saa tano asubuhi, aliingia mama mmoja kijana mwenye kovu dogo juu ya jicho la kushoto, na mtoto mgongoni. Ghala lilikuwa na chumvi na majani ya chai.

"Nimesikia kulikuwa na lori," alisema.

"Lilikuwepo. Tulilirudisha," alijibu marehemu, na katibu anakiri kwamba dada yake alilisema hilo kwa majivuno kidogo.

"Mlilirudisha kwa nini?"

"Unga wa watoto ulipitwa na muda. Halafu alitaka kuwapiga picha."

"Ulipitwa siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Mama yule alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Mtoto hakulia, na hilo ndilo lililotisha, kwa sababu mpishi wa hospitali anajua mtoto asiyelia ana maana gani. Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Mama, mngeniuliza. Mimi ningepigwa picha hata kumi. Aibu ilikuwa yangu, mngeniachia niibebe mwenyewe. Huyu tangu juzi anakunywa maji."

Akatoka. Marehemu alibaki ameshika pakiti ya chumvi. Alipozinduka alimtuma katibu amkimbilie na mkate uliokuwa chakula chao cha mchana. Katibu alikimbia hadi njia panda ya duka la magodoro, akatazama huku na huku, akauliza muuza matunda na mshona viatu. Hakuna aliyemwona. Na angeuliza kwa jina gani? Heshima waliyojitungia wenyewe ndiyo iliyomficha.

Marehemu hakuwa mtu wa kulia hadharani, ila siku hiyo alilia, na katibu aliogopa, kwani tangu utotoni hakuwahi kumwona dada mkubwa akivunjika. "Nimekuwa yule wa sufuria," alimwambia. Katibu alimbishia, akasema yule alikuwa na dharau na yeye ana utu. Marehemu alitikisa kichwa. "Yule alitaka asante. Mimi nilitaka makofi. Aliyekuwa na njaa hatukumuuliza, si yule wala mimi."

Juma lililofuata aliwaita wapokeaji, jambo ambalo kwa miaka minne na nusu halikuwahi kumpitia akilini. Hawakukubaliana hata kidogo. Kuli mmoja mstaafu alisema picha hataki, lakini unga uliopitwa na muda atakula, yeye tumbo lake halijui kusoma. Mama mwingine alisema yeye picha hazimsumbui, kinachomsumbua ni mfuko wa sokoni, maana kila mtu mtaani ameshajua ule mfuko unatoka wapi. Marehemu alicheka kwa uchungu aliposikia hilo. Tangu hapo vilivyopitwa na muda kidogo viliwekwa rafu ya peke yake, tarehe ikaandikwa kwa herufi kubwa, na kila mtu akachagua mwenyewe. Mwenye kutaka picha aliulizwa, na asiyetaka aliachwa.

Alikwenda pia kumwomba radhi mwenye duka la jumla, ambaye alimweka nje kwa saa nzima kabla ya kumwita. "Nilitaka tu watoto wangu waone kuwa baba yao anatoa," alimwambia. Aliendelea kutuma mizigo, na yeye mwenyewe hakukanyaga tena. Leo yupo hapa, na familia inamshukuru.

Lakini yule mama kijana hakupatikana. Kwa miezi minane, kila siku ya kupima uzito wa watoto, marehemu alikwenda kituo cha afya na kukaa kwenye benchi la mwisho, akitazama nyuso zinazoingia. Mara moja alimshika mkono mama asiye yeye, akamtisha bure. Mkunga, bintiye, alimsihi aache. Aliacha kwenda, lakini hakuacha kutafuta. Hata sokoni, ukizungumza naye, macho yake yalipita juu ya bega lako, yakikagua waliopita nyuma.

Tarehe 6 Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alilazwa mara tatu katika hospitali ile ile aliyoipikia, na wapishi aliowafunza walikuwa wakimletea chakula wenyewe. Majirani nao walimiminika nyumbani na vyombo vilivyofunikwa. Ilikuwa vigumu kwake kupokea, tusifichane. Siku moja mdogo wake alimletea supu, akajaza kijiko na kumpelekea mdomoni. Alikisukuma hadi kikamwagika shukani. "Niulize kwanza," alisema. "Huwa mnaniletea mnachotaka nyinyi." Mdogo wake alikasirika, akatoka nje, akazunguka nyumba mara mbili. Aliporudi alimuuliza dada anataka nini. Alitaka chungwa. Alikula vipande viwili, polepole, na mdogo wake hajawahi kuona mlo mkubwa kuliko huo.

Ilikuwa siku hiyo alipotoa agizo la wasifu huu. "Usinipambe," alisema. "Andika na yule mama." Mdogo wake alimwambia kila mtu hukosea, na maelfu wamekula kwa mikono yake. "Hao maelfu wanajulikana," alijibu. "Huyo mmoja ndiye nisiyemjua." Hakulitaja tena.

Aliaga dunia nyumbani kwake, Jumatatu tarehe 21 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 67, binti yake akiwa amemshika mkono. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wapishi wa hospitali ambao asubuhi hii wamefika na sare zao.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake mmoja, shangazi yake, na watu wa ghala, ambao alitukataza kuwahesabu.

Na wewe mama mwenye kovu juu ya jicho, kama upo kati yetu, au kama yupo hapa anayekufahamu: hatukuombi umsamehe. Marehemu alitukataza, alisema kumwomba mtu msamaha mbele ya umati ni kumlazimisha. Si lazima usimame, wala useme jina lako. Alituachia swali moja tu tukuulize, alilolibeba kituo cha afya na sokoni kwa miaka saba, na ambalo sisi hatuna jibu la kumzikia. Mtoto alikula?

Mungu ampe dada yetu pumziko ambalo hapa kwetu hakulipata.