Bi Mmojammoja na Watoto 611

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Mmojammoja, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa nne wa seremala na mshona nguo.

Alianza shule mwaka 1965. Akiwa darasa la tatu alimwambia mwalimu mkuu, aliyekuwa akihesabu wanafunzi, mbele ya wote, "Mwalimu, umejihesabu na wewe." Mwalimu akarudia kuhesabu, akacheka, na daftari la mahudhurio likawa lake tangu siku hiyo.

Mwaka 1980 aliajiriwa kuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali ya watoto. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, wakajaliwa mtoto wa kiume, kisha binti. Mwana alipata ugonjwa adimu wa kurithi unaomaliza misuli, akafariki mwaka 1991 akiwa na miaka minane, kabla kipimo chake hakijafika nchini.

Madaktari walimwambia ugonjwa huo huku haupo. Hakukubali. Kwa miaka kumi na minne alipiga simu hospitali za nchi sita, akiulizia mtoto mmojammoja. Ndipo jina la Bi Mmojammoja lilipotokea. Aliwapata 611. Alikadiria mmoja katika kila watoto 31,000 wanaozaliwa. Makaratasi yote alimkabidhi shemeji yake, daktari, mdogo wa mumewe, aliyemwamini kama ndugu wa tumbo moja, ayaandike kitaalamu.

Ripoti ilitoka Mei 2009 kwa jina la shemeji peke yake. Watoto walikuwa 204: mmoja katika 93,000. Waliokufa bila kupimwa damu walikuwa wamefutwa.

"Shemeji, hata mwanetu umemtoa?" dada akamuuliza.

"Hakupimwa, shemeji. Wakubwa walitaka hesabu isiyo na maswali."

Kwa hesabu hiyo, ugonjwa ukaonekana adimu mno, na mpango wa serikali wa kuwapima watoto wachanga ukafutwa. Dada aliingia jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Shemeji alikuja wodini kuomba radhi. Dada akamwambia, "Nikusamehe kwa niaba ya watoto mia nne na saba? Rekebisha ripoti."

"Tutaangalia," akajibu.

Dada alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi. Ripoti haijarekebishwa.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na shemeji. Jana shemeji aliomba habari za ripoti ziondolewe kwenye wasifu huu. Mume wa marehemu akasema zisomwe.

Dada, pumzika sasa kwa amani.