Padi Iliyovuta Kushoto

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na jua la njiani. Mwenyekiti wetu anajua nimeikwepa nafasi hii tangu siku ya kwanza nilipoingia kwenye kikao hiki cha wafiwa, ukumbini hapa Lisekese. Nilikuwa nakaa karibu na mlango, na zamu yangu ikikaribia nakumbuka nimeacha sufuria jikoni.

Naona mnacheka. Basi leo sufuria nimeliepua kabla sijatoka.

Kanuni yetu ni kutotaja majina, nami nitaifuata. Aliyefariki alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, wa kiume. Tulikuwa na kibanda cha gemu pale Masasi mjini. Mashine ilikuwa yake, aliinunua baada ya msimu mzuri wa korosho kwao mama, Chilangala. Mimi nilikaa mlangoni na ndoo ya juisi, nikipanga zamu na kuamua ugomvi wa nani kafungwa. Yeye alikaa ndani kwenye stuli yake, na padi ya pili, kile kishikio cha kuchezea, mkononi, akimsubiri mtu wa kumfundisha adabu.

Alikuwa na tabia moja iliyowakera watu. Akifunga goli, hakumwacha mchezaji wake ashangilie kama wengine. Alimkimbiza kushoto mpaka ukingoni, akamkandamizia hapo hapo, huku anapiga mluzi. Kila goli, kushoto. Wateja walikuwa wanamlalamikia kwangu: "Dada, mwambie aanzishe mpira!" Naye anajibu bila kugeuka: "Ngojeni, jamaa anasalimia ndugu zake."

Mvua ilikuwa inanyesha siku aliyopata ajali ya pikipiki, barabara ya kupanda Newala. Sitaieleza. Wengi wenu mnayo ya kwenu inayofanana, na hamjaja hapa kusikiliza breki.

Tulizika Chilangala. Niliporudi Masasi nikafungua kibanda, nikawasha mashine niione tu inavyowaka. Nikachukua padi ya kwanza. Ya pili ilikuwa bado imechomekwa, imelala juu ya stuli yake. Mpira ukaanza. Mimi nikatulia kidogo, nikamwona mchezaji wa timu yake anaondoka katikati ya uwanja. Polepole. Akaenda kushoto mpaka ukingoni, akabaki pale anakimbia bila kusogea.

Hakuna aliyefunga goli, na stuli ilikuwa tupu.

Ndugu zangu, nawaambia kama ilivyokuwa. Sikuogopa. Nilifurahi. Nikafunga mlango kwa ndani, nikashusha pazia, nikasema, "Kumbe upo."

Kuanzia hapo nikawa nafunga kibanda saa sita mchana, wakati watu wanakwenda kula. Jua kali nje, giza ndani. Nacheza, namwachia nafasi, naye anakwenda kushoto. Nikaanza kumsimulia habari za mjini. Wateja walipogonga nilinyamaza. Mwisho wakaacha kugonga. Nguo zikanilegea mwilini. Jirani yangu, mama mshona nguo, ambaye leo amekaa palepale nilipokuwa nakaa mimi, alikuwa anasimama mlangoni na kusema, "Mama, nasikia unaongea. Nani yumo?"

"Simu," namjibu.

"Hiyo simu haikuachi hata upumue?"

Halafu akaja mjomba. Wenyeji mnajua, na wageni nitawaeleza: kwetu, baada ya arobaini, mjomba huwaita ndugu wa tumbo moja na kugawa vitu vya marehemu. Nguo huku, jembe kule, baiskeli kwa fulani. Havikai nyumba moja, kwa sababu wanasema kitu kikikaa, mwenyewe naye hakai kwa amani. Mjomba alikunywa juisi yangu, akaitazama mashine, akasema, "Mpwa wangu, hii ni ya dada yako wa Mnyambe. Ana watoto wengi."

Nikamwambia, "Mjomba, mashine inachemka. Feni inavuma kama kinu cha kusaga, wakati mwingine inazima yenyewe. Na ndani yake kuna magoli aliyoyahifadhi. Yakifa humo hatuna kitu."

"Huwezi kuyatoa?"

"Hayatoki. Labda kuyarekodi yanapocheza."

Akafikiri. "Basi rekodi. Korosho zikianza kuanguka, naigawa."

Hapo nikawa na kazi, nami nikiwa na kazi nakuwa mtu wa utaratibu. Nikaanza na nilichokuwa nacho, yaani simu yangu. Niliiegemeza kwenye ndoo ya juisi, nikaielekeza kwenye televisheni. Picha ikatoka na mistari inayopanda na kushuka, na sauti ya feni ikaumeza mluzi wa refa. Lakini si hilo lililoniudhi. Mle kwenye kioo cha televisheni, nyuma ya wachezaji, kulikuwa na kivuli cha chumba. Nilijiona nimekaa nimeinama. Pembeni yangu ilionekana stuli. Stuli na padi, basi.

Nilitazama ile video mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaambia. Nikasema kifaa ni kibaya.

Nikaenda kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji akanionyesha kidude kidogo kama flashi, vijana wanakiita kapcha. Unaingiza waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha na sauti, kutoka kwenye mashine, upande wa pili unachomeka kwenye kompyuta, picha inaingia yenyewe bila kupitia kioo. Kulikuwa na kingine kikubwa, chenye boksi zuri, cha bei ya kunitoa machozi. Nikachukua kidogo. Jirani akaniazima kompyuta ya binti yake. Nikachomeka.

Giza tupu.

Nikabadilisha waya. Giza. Nikachomeka king'amuzi cha televisheni kwenye kidude kilekile, picha ikaja safi kabisa, mtu anasoma taarifa ya habari. Nikarudisha mashine ya mdogo wangu. Giza. Nikakaa chini sakafuni na kusema, "Amekataa."

Sikujua kama nimesema kwa sauti. Jirani alikuwa mlangoni na sindano mdomoni. Akaitoa. "Nani amekataa?"

Akaingia bila kukaribishwa, akapandisha pazia, akazima swichi ya ukutani. Akaniambia, "Kesho unapanda Newala. Kuna bwana anayepiga video za harusi, alimpiga mwanangu. Huyo anajua nyaya. Na boksi la mashine nakufungia mimi, maana wewe utaliacha makusudi."

Akalifunga kwa nyaya kuukuu alizoziokota chini ya meza.

Yule bwana ana chumba kidogo karibu na ukingo wa mlima, pale ambapo ukitazama chini unaona bonde lote la Ruvuma, na upepo unapanda kama kuna mtu anapumua huko. Alikuwa anakata na kuunganisha picha za harusi kwenye kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Harusi au unyago?"

"Gemu."

Akavua miwani. "Gemu imeposwa?"

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na kicheko kilitoka vibaya, kama kikohozi. Nikamweleza habari ya giza. Akaigeuza mashine, akaitazama mgongoni.

"Hakuna kibovu hapa. Mashine za umri huu zinafunga picha zinapoitoa kwa HDMI, kwa sababu zinacheza filamu pia, na wenye filamu hawataki zinakiliwe. Kapcha ikikuta picha imefungwa inakupa giza. King'amuzi chako bahati nzuri hakikufunga."

"Kwa hiyo hajakataa?"

"Nani hajakataa?"

Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Naye, namshukuru, hakurudia.

"Ungekwenda na mashine yako dukani," akasema, "ungeona giza kabla hujalipa. Wengi wananunua kwa maneno ya boksi. Sasa, unazo zile nyaya za zamani zilizokuja nayo? Njano, nyekundu na nyeupe?"

"Zilishapotea."

Akanyoosha kidole kwenye boksi. "Na hizo ulizofungia?"

Ndizo. Jirani yangu alilifunga boksi kwa dawa yenyewe.

Yule bwana akatoa kwenye droo kapcha nyingine, ya kizamani, yenye matundu ya rangi zilezile. Ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote. Akasema, "Kwa njia hii picha haifungwi. Ila haitakuwa kali, itakuwa kama televisheni ya babu. Unataka iwe kali, au unataka iwepo?"

"Iwepo."

Akachomeka. Picha ikaja. Goli la kwanza likacheza, na la pili, na mengine yote aliyoyahifadhi, na kila mara mchezaji anakwenda kushoto kusalimia ndugu zake. Mashine ilikuwa inavuma, na mimi nilikuwa naiomba isizime.

Haikuzima. Yalipokwisha, bwana yule akasema tujaribu na mchezo mzima, aone kama sauti inakwenda sawa na picha. Nikaitoa padi ya pili kwenye mkoba, nikaichomeka na kuiweka kwenye kiti kitupu.

"Unacheza na nani, mama?"

"Acha tu."

Mpira ukaanza. Mchezaji akaondoka. Nikamshika yule bwana mkono. "Umemwona?"

"Nani?"

"Huyo! Anakwenda kushangilia!"

Akamtazama mchezaji mpaka alipofika ukingoni. Halafu akainua padi kutoka kwenye kiti. Nilimpigia kelele asiguse, kelele ambayo nadhani ilisikika sokoni. Hakuirudisha, lakini hakuifanya chochote. Aliishika tu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto.

"Mama," akasema, "mwenye hii alikuwa anasukuma sana kushoto?"

"Kila goli."

"Basi kistiki, hiki kijiti cha kumwelekezea mchezaji, kimelika upande huo. Hakirudi tena katikati. Weka kidole hapa."

Nikaweka kidole gumba. Raba ya juu ya kistiki ilikuwa na kishimo upande wa kushoto, laini, kimechongeka. Kidole changu kilizama kidogo kisha kikapwaya, kwa sababu chake kilikuwa kipana zaidi. Nikakisukuma kistiki katikati. Mchezaji akasimama. Nikaachia. Akaondoka tena.

Nikashika, akasimama. Nikaachia, akaondoka.

Wapendwa, hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nakitafuta madukani. Nilikuwa sitafuti kifaa cha kurekodi gemu. Nilikuwa natafuta kifaa kitakachomwonyesha yeye. Simu ilinionyesha stuli tupu, nikasema simu mbovu. Kapcha ilinionyesha giza, nikasema amekataa. Hii ya bei ya chini imefanya kazi yake vizuri, imeonyesha kila kitu kilichokuwepo, na yeye hakuwepo. Hata kama ningenunua ile ya boksi zuri, asingekuwepo. Kilichokuwepo ni alama ya kidole chake. Na niliitazama kwa wiki nyingi bila kuigusa.

"Naweza kuitengeneza," akasema yule bwana. "Kistiki kipya, dakika chache tu."

"Usiitengeneze."

Nikauvuta waya wa padi kwa mkono wangu. Mchezo ukasimama, na kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba padi ya pili imeondolewa, irudishwe ili mchezo uendelee. Maandishi yale yalikaa pale yakisubiri. Yule bwana hakugusa kitu. Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Nililia pale kwenye kiti chake cha kukatia harusi za watu, kisha nikamwambia, "Zima."

Siku ya kugawa vitu tulikaa Chilangala, chumbani kwa mama. Tulichomeka kwenye televisheni yake flashi ambayo yule bwana wa harusi alinitilia yale magoli. Mama akavuta kigoda.

"Yeye ni yupi?"

"Hayupo, mama. Yeye ndiye anayemwendesha huyo mfupi."

"Kwa hiyo haonekani."

"Haonekani."

Akatazama. Goli likaingia, mfupi akakimbilia kushoto. Mama akasema, "Lakini anayemkimbiza ni yeye."

"Ni yeye."

"Rudisha tena."

Mjomba akaipeleka mashine Mnyambe, kama alivyosema. Alipofika kwenye padi ya pili aliigeuzageuza. "Na hii nayo?"

Nikamwambia ina kasoro, inavuta upande mmoja.

"Kitu kibovu hakigawiwi," akasema. "Akitakaye achukue." Naye alikuwa ananitazama mimi.

Kibanda nimekifungua tena, na mashine nyingine. Stuli yake inakaliwa na kila anayelipa zamu. Sitawadanganya kwamba nimepona kabisa. Ikifika saa sita, jua likiwa kali, mteja akifunga goli na mchezaji akaelekea kushoto, bado shingo yangu inageuka yenyewe. Kisha natazama mbele, na namwambia mteja anayefuata aingie.

Namshukuru mama mshona nguo, aliyepandisha pazia bila ruhusa yangu na kunileta kwenye ukumbi huu. Namshukuru bwana wa harusi, aliyeshika kitu cha mtu kwa mikono miwili. Namshukuru mjomba kwa kunipa muda, na zaidi kwa kuumaliza. Nanyi nawashukuru kwa kunivumilia na masufuria yangu.

Kama mnataka neno langu, ni hili: kabla hujanunua kifaa cha kukutunzia mtu wako, jiulize unataka kikuonyeshe nini. Kama unataka alichokiacha, cha bei ndogo kinatosha. Kama unamtaka mwenyewe, usimsumbue muuza duka. Na ambao bado mnao wa kwenu, warekodini leo wakiwa wanapiga mluzi. Mluzi wa mdogo wangu sina. Ninayo magoli tu.

Padi ninayo humu kwenye mkoba. Haijachomekwa popote. Anayetaka kuweka kidole aje, nitamshikia. Ni kishimo kidogo tu, upande wa kushoto.