Tochi Isiyo na Kasoro

Macho hayana pazia, na mshonaji aliyekaa kiti cha nyuma ndani ya basi aligundua kwamba masikio nayo hayana. Mbele yake, fundi magari mmoja alikuwa akienda kurudisha tochi mpya dukani. Mchomeleaji wa mageti aliyekaa naye, ingawa hata hawakujuana, aliichomoa kwenye boksi bila kuomba ruhusa, kama mafundi walivyo.

"Mzee wangu, hii ina ubaya gani? Ninayo kama hii. Ilinidondoka kutoka juu ya paa, ikaendelea kuwaka."

"Mwanga mkali mno."

"Si unapunguza hapa?" Akapunguza.

"Basi betri."

"Inakaa siku tatu! Na ina sumaku, unaibandika kwenye bodi ya gari, mikono yote miwili inabaki huru. Unataka nini tena, ikupikie?"

Mshonaji alibana kicheko. Fundi hakucheka.

"Miaka ishirini na sita mdogo wangu ndiye aliyenishikia tochi," alisema. "Zilikuwa mbovu, mpaka uzipige kofi ndiyo ziwake. Tulipomzika nikasema sasa ninunue ya maana. Jana niko uvunguni mwa gari, nimeibandika, nikasema, 'Kushoto kidogo.' Halafu nikangoja."

Mchomeleaji aliizima tochi, akairudisha kwenye boksi taratibu.

"Lakini ni imara," alisema kwa sauti ya chini.

"Sijakataa."

Basi likasimama mbele ya duka. Mchomeleaji akakunja magoti kumpisha. Fundi alibaki amekaa, boksi mapajani.