Bernadine Hudak Dzurko, Mwalimu Aliyekataa Kuishia Mwaka 1945

Bernadine Olga Hudak Dzurko, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 3 Februari 1937 nyumbani kwa wazazi wake, Mtaa wa Tar, juu mlimani Marlow Forks, Pennsylvania. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Štefan Hudak na Paulina Repko. Baba yake aliingia nchi hii mwaka 1913, kijana wa miaka kumi na sita kutoka kijiji cha Waslovakia, na hakupumzika hata wiki moja kabla ya kuanza kazi kwenye matanuru ya chuma kando ya mto Monongahela. Nyumbani walisali kwa Kislovakia na kugombana kwa Kislovakia. Kiingereza kilikuwa cha dukani na cha redio.

Marehemu hakuwa ametimiza miaka saba telegramu ilipofika kwamba kaka yake mkubwa, Emil, ameuawa vitani Italia. Mama alimpa jirani asome, kisha akamwomba arudie, kwa kuwa mara ya kwanza hakutaka kuelewa. Kwa miaka mingi baadaye, kila Bernadine alipofundisha vita, alianzia jikoni. Aliwauliza wanafunzi: nani alifungua mlango, nani alisoma barua, na usiku ule nani alipika.

Masomo yake ya awali aliyapata katika shule ya parokia ya mlimani, kisha Shule ya Sekondari ya Marlow Forks, alikomaliza mwaka 1955. Huko ndiko lilikotokea jambo alilolisimulia mpaka uzeeni. Kitabu cha historia kiliutaja mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa chuma wa mwaka 1919 kwa sentensi moja. Bernadine aliinua mkono akasema baba yake alikuwemo, na kwamba bega lake la kushoto halijawahi kukaa sawa tangu askari wa farasi walipompiga rungu mbele ya kanisa. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo haikuwa historia, ni ugomvi wa mtaani, na akafungua ukurasa uliofuata.

Jioni alimweleza baba yake huku akilia kwa hasira. Mzee Štefan alikuwa anavua viatu. Hakukasirika hata kidogo.

"Mwalimu wako ana meza yake," alimwambia. "Na wewe tafuta ya kwako."

Akaitafuta. Alisomea ualimu katika chuo cha jimbo mjini Indiana, Pennsylvania, akifanya kazi ya kufua mashuka ya bweni ili ajilipie, na alihitimu mwezi Mei 1959. Septemba mwaka huohuo alirudi Marlow Forks kufundisha historia ya Marekani katika chumba namba 14, chumba ambacho hakukiacha mpaka alipostaafu Juni 1999.

Mliosoma kwake, na leo hapa makaburini mko wengi, mnajua kwamba kipindi chake hakikuanza na kitabu. Kilianza na kitu mezani. Siku moja sanduku la chakula la mchimba makaa, siku nyingine kadi ya mgao wa sukari ya wakati wa vita, au santuri iliyokwaruzwa. Aliwaachia wanafunzi wakishike, wakinuse, wabishane ni cha nani na kilifikaje hapo. Alipofika miaka ya elfu moja mia tisa na ishirini alisukuma madawati ukutani, akaweka gramafoni, akawafundisha kucheza dansi za enzi hizo. Alitaka waelewe kwa nini wazee wa wakati ule waliogopa muziki ule kuliko walivyoogopa pombe. Mkuu wa shule, Bwana Orrin Whitcomb, alifungua mlango akakuta vijana thelathini wanarusha miguu.

"Bi Hudak, hili ni darasa au ni harusi?"

"Ni mwaka 1925, Bwana Whitcomb. Ingia au funga mlango, tunapoteza joto."

Bwana Whitcomb alifunga mlango, akiwa ndani.

Lakini marehemu hakuwa mtu wa kujiona ameshafika. Katika miaka yake ya mwanzo, somo lake la uhamiaji lilikuwa la meli tu. Waslovakia, Waitalia, Waairishi, wote walishuka melini, wakakaguliwa macho, wakapanda treni kuja viwandani. Masika ya 1963 mwanafunzi mmoja mweusi, Thelma Gaddis, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, bibi yangu hakupanda meli. Alikuja kwa treni kutoka Alabama na watoto wanne, na hapa stesheni hakuna aliyempokea. Yeye tumweke wapi?" Kesho yake Bernadine alikwenda mwenyewe kwa bibi Gaddis, akakaa kwenye baraza lake mpaka kahawa ikaisha, na tangu mwaka ule somo la uhamiaji likaanzia Alabama. Dada Thelma, asante kwa kuja leo.

Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na Raymond Dzurko, dereva wa kreni kiwandani, katika kanisa la Mtakatifu Metodi hapo mlimani. Walijuana kwenye dansi ya polka ya Jumamosi, ambako Ray alimkanyaga mara mbili akamwambia ni kwa makusudi ili apate la kuzungumza. Meza ya biskuti ya harusi yao ilikuwa ndefu kuliko ukumbi. Shangazi wa pande zote mbili walioka wiki nzima, kila mmoja akimchunguza mwenzake ametumia siagi ya kweli au la. Mungu aliwajalia watoto wawili, Paulette na Emil. Ray alizoea kuwaambia wageni kwamba mkewe ameolewa na wanaume wawili, yeye na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na kwamba yeye ndiye hupewa chakula kilichopoa.

Jambo ambalo mji huu utamkumbuka nalo zaidi lilitokea mwaka 1971. Vita vya Vietnam vilikuwa bado vinaendelea, na Marlow Forks ilikuwa imekwisha kuzika vijana wake. Bernadine aliwaalika darasani watu wawili kwa siku moja. Wa kwanza alikuwa Agnes Molnar, ambaye mwanawe Terry, aliyekuwa mwanafunzi wa chumba namba 14, aliuawa kule mwaka 1968. Wa pili alikuwa Walt Brisco, aliyesoma darasa moja na Terry, akarudi na mguu mbovu na hasira nyingi. Walt aliwaambia wanafunzi kwamba vita vile havikuwa kama walivyoelezwa. Bi Agnes alimjibu palepale kwamba hakubali mwanawe awe amekufa kwa uongo. Walibishana mbele ya watoto. Bernadine hakuwakatiza, hakumpa yeyote ushindi. Mwisho aliwaambia wanafunzi waulize maswali.

Habari zilifika kwa mwenyekiti wa bodi ya shule, Bwana Clyde Furnival, kabla hata basi la jioni halijaondoka. Alimwita akamwamuru tangu siku hiyo somo lake liishie mwaka 1945, tuliposhinda na kila mtu anakubali.

"Wavulana wangu wakimaliza shule wanaitwa jeshini," Bernadine alimjibu. "Nikiishia 1945 nitakuwa nimewafundisha vita vya baba zao na kuwaficha vya kwao."

"Ni amri, Bi Dzurko. Sikuulizi."

"Nimekusikia. Na jibu langu ni hapana."

Novemba hiyo alisimamishwa kazi bila mshahara. Kiwandani, msimamizi mmoja alimdokeza Ray kwamba mwanamume hodari angemtuliza mkewe. Mkesha wa Sikukuu ya Shukrani walikaa jikoni, watoto wamelala, na Bernadine akakiri kwamba anaogopa. Hakujuta alichokifanya, ila aliogopa kwamba nyumba nzima ingelipia msimamo wake. Akamwambia Ray kama anataka aombe radhi, aseme sasa hivi.

Ray alimmiminia kahawa. "Mimi nitazoea kula kabichi na tambi," alisema. "Wewe hutazoea kunyamaza. Na nikiishi na wewe umenyamaza, nitakuwa nimeoa mtu mwingine."

Basi Jumamosi zote za majira yale ya baridi alifundisha bure katika ukumbi wa chama cha Waslovakia, chini ya taa za mchezo wa bingo. Walikuja wanafunzi wake wengi, wakaja na wasiokuwa wake, na wazazi wachache wakakaa nyuma na makoti yao wakijifanya wamekuja kuwasubiri watoto.

Kikao cha kuamua hatima yake kilifanyika Jumanne tarehe 18 Januari 1972, katika ukumbi wa michezo wa shule, kwa sababu chumba cha bodi hakikutosha watu. Bwana Furnival alikuwa na hakika Bi Agnes Molnar atasimama upande wake. Alimwita wa kwanza. Bi Agnes alikwenda mbele na mkoba wake mkononi, hakuuweka chini.

"Mimi na Walt hatukubaliani, na mpaka leo hatukubaliani," alisema. "Nilimwambia hivyo mbele ya watoto, na Bernadine aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Mwanangu amekufa miaka mitatu sasa. Dukani watu wakiniona wanageukia rafu ya sabuni. Mle darasani watoto waliniuliza Terry alipenda chakula gani, na kama kweli alikuwa hodari wa besiboli au walimu wanamsifia tu. Hapa hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo." Akamgeukia mwenyekiti. "Bwana Furnival, mkiishia 1945, Terry wangu mnamweka wapi?"

Bodi ilipiga kura usiku uleule. Watano walisema arudi, wanne walisema aende. Asubuhi Bernadine aliingia chumba namba 14, akavua glovu, akaandika ubaoni: 1946. Hakutaja kikao wala kura. Alisema wako nyuma ya ratiba na hatavumilia uvivu. Yeye na Bi Agnes walikuwa marafiki mpaka Bi Agnes alipofariki, na kila mwaka siku ya kumbukumbu ya askari walikwenda pamoja kaburini kwa Terry, wakibishana njia nzima kuhusu siasa.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1985, mji ulinyamaza. Ray alikuwa na miaka hamsini na moja na kazi nyingine hakuijua. Alikaa gereji akinoa vitu ambavyo tayari vilikuwa vikali. Marehemu aliwapeleka wanafunzi wake kwenye lango lililofungwa, akawafundisha viwanda wakiwa wamesimama baridini, kwa sababu hakutaka wadhani kwamba baba zao wamefeli. Alimwomba Ray aje awaeleze kazi ya kreni. Ray alikataa. Akamwomba tena, akakataa, na miaka miwili ikapita hivyo. Siku moja ya 1987 alitokea mlangoni pa darasa amevaa shati la kanisani, akachukua chaki, akachora kreni iliyojaa ubao mzima. Msichana mmoja akamuuliza ana hamu na nini zaidi cha kiwandani.

"Kelele sina hamu nazo," Ray alisema. "Nina hamu ya kuchoka pamoja na wenzangu."

Jioni ile alikula vizuri, na baada ya wiki chache alianza kazi ya matengenezo katika shule ileile. Alifariki mwaka 2008. Bernadine aliujaza upande wa Ray kitandani kwa magazeti na vitabu, akasema angalau hivyo havikoromi.

Kustaafu hakukumpumzisha. Wakimbizi wa Bhutan wenye asili ya Nepal walipoanza kuhamia bonde hili, alifungua darasa la mtihani wa uraia katika maktaba ya mji, Jumanne na Alhamisi, kwa miaka kumi na miwili. Mtihani ulitaka jibu fupi kwa kila swali, na wengi walitaka wakariri waende. Hakuwaruhusu. Mzee mmoja, Tika Rasaili, alimlalamikia, "Mama, mtihani unataka neno moja tu. Wewe unanipa saa nzima."

"Neno moja litakupa pasipoti, kaka," alimwambia. "Lakini siku mtu akikwambia rudi kwenu, utataka saa nzima."

Bwana Rasaili alifaulu. Jana alileta mchele na dengu za kulisha watu wa mazishi haya, na amesema asishukuriwe, kwa hiyo hatumshukuru.

Mwezi Agosti 2022 marehemu alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya mkono wa kulia na maneno mengi. Neno la kwanza kumrudia lilikuwa "hapana," na wauguzi walishuhudia alivyolitumia. Mtaalamu wa kumfundisha kusema alimletea kadi za picha za matunda. Akazisukuma. Paulette alimletea picha za zamani za watu wa mji huu, na kwa picha hizo alirudisha usemi wake jina kwa jina, akianza na Emil kaka yake. Baada ya miezi kadhaa aliweza kumweleza mtaalamu huyo, polepole, mgomo wa 1919. Moyo wake ulizidi kudhoofu kuanzia Krismasi iliyopita. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Mtaa wa Tar, watoto wake wote wawili wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka themanini na saba.

Marehemu ameacha binti yake Paulette na mumewe Curtis. Mwanawe Emil na mkewe Noreen. Wajukuu watano na kitukuu mmoja, Ondine. Mdogo wake Veronica, aliyebaki peke yake katika watoto wa Štefan na Paulina. Na wanafunzi wa miaka arobaini waliotapakaa nchi nzima.

Aliacha agizo moja kuhusu siku ya leo. Hakutaka sifa ndefu. Alitaka kwamba tukishamzika, twende ukumbini tukae, kila mtu amgeukie mtu asiyemjua, amuulize watu wake walifikaje hapa na walifanya kazi gani, na amwache aseme mpaka amalize. Kahawa iko tayari, na biskuti zimeokwa kwa siagi ya kweli.

Bwana amlaze Bernadine kwa amani, karibu na Ray wake.