Mama Breki, Aliyekataa Kuinuliwa na Mtu Mmoja

Ndugu, jamaa na marafiki, dada yetu tunayemsindikiza leo, mliyemzoea kwa jina la Mama Breki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani, na tangu utotoni hakujua kutulia, hata chakula alikula amesimama.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana hiyo, kisha sekondari ya bweni, akahitimu chuo cha uuguzi mwaka 1980 na kupangiwa wodi ya mifupa, na mwaka 1983 akafunga ndoa na fundi umeme wa hospitali, ambaye naye ametangulia, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 9 Agosti 1991 alimwinua peke yake mgonjwa wa miraba minne ili amkalishe kwenye kiti cha magurudumu ambacho breki zake hazikufungwa, kiti kikakimbia, uzito wote ukamwishia mikononi, mgonjwa akasalimika lakini mgongo wa dada yetu ukaharibika, na kitinda mimba wake, binti aliyekuwa na miezi sita, hakubebwa tena na mama yake. Hilo lilimuuma kuliko mgongo wenyewe. Tangu hapo akawa moto wa kuotea mbali: kila muuguzi mpya alifundishwa kufunga breki, kupandisha kitanda hadi usawa wa kiuno, kukunja magoti na kumwita mwenzake, aliyekaidi alipewa vidonge vyake, na hata mkokoteni wa muuza matunda pale getini aliukagua.

Novemba 2022 alipatwa na kiharusi, kitinda mimba huyo akafunga duka lake akarudi kumuuguza, wakainua kitanda kwa matofali, na fundi viatu wa jirani akawa anakuja kusaidia kumhamisha.

Jumatatu iliyopita, tarehe 3 Juni 2024, asubuhi, dada yetu alianguka kutoka kitandani. Binti alikuwa peke yake, akainama amnyanyue kwa makwapa, mama akamsukuma kwa mkono wake mzima akamwambia amwite fundi, naye akapiga simu, akamwekea mto, akamfunika, akajilaza sakafuni kando yake huku roho haimtulii, akitaka kumwinua na akiogopa kumwasi, na kabla fundi hajafika, mama alikata roho.

Sitamung'unya maneno. Wapo wanaonong'ona kuwa binti alimwacha mama yake chini kama gunia, na maneno hayo yamemfikia, tangu siku hiyo hali wala halali. Daktari ametueleza kuwa kilichomwangusha ni kiharusi cha pili, na kwamba kurudishwa kitandani kusingemwokoa. Mtoto huyu alimtii mama yake.

Tunawashukuru madaktari, majirani, fundi viatu, na wauguzi wenzake, ambao tangu asubuhi wanabishana namna ya kutupanga wabebaji kwa kimo. Binti ameomba ashike pembe moja ya jeneza, nasi tumekubali, kwa kuwa leo tutamwinua pamoja naye.

Lala salama, dada.