Mchongaji Aliyemkalisha Stambuli Chini

Maisha ya marehemu Gervas Agustino Banzi, 1961–2025. Yamesomwa na mpwa wake, Regina, kwenye maziko, Kinole, Jumamosi tarehe 15 Machi 2025.

Baba Paroko, masheikh mliofika, wazazi wetu, ndugu na majirani, shikamooni, na poleni kwa msiba. Poleni pia kwa kupanda mlima huu na utelezi wake. Watani wetu, mtuvumilie kidogo. Nikimaliza kusoma, marehemu ni wenu.

Marehemu Gervas Agustino Banzi alizaliwa hapa Kinole tarehe 19 Juni 1961, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Agustino na mama Monika. Siku hiyo Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Gervas, kwa hiyo jina lake halikumsumbua mtu. Aliyemtangulia ni dada yake Veronika, ambaye ndiye mama yangu. Bibi alikuwa akienda shamba na kumwachia mtoto, naye alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuta chini. Majirani wakamwambia amshushe, akakataa.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Tusimpambe marehemu: masomo yalimpita kando. Siku moja alichonga sura ya mwalimu mkuu kwenye mhogo mbichi, pamoja na kipara chake na hasira zake. Mwalimu alimchapa mbele ya shule nzima, kisha akaomba aachiwe ule mhogo, akaenda nao nyumbani. Mke wa mwalimu, hajui hili wala lile, akauchemsha. Mjomba alikuwa akisema hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza iliyopokelewa vizuri na watu.

Mwaka 1977 alikwenda Bigwa kujifunza useremala kwa mafundi wa misheni. Huko aliona jiwe likichongwa kuwa altare, akaachana na mbao. Kwa zaidi ya miaka arobaini alichonga misalaba na mawe ya makaburi, ya Wakristo na ya Waislamu. Wengi mliokaa hapa wazazi wenu wamelala chini ya kazi ya mikono yake. Kitu kimoja alikikataa, nacho ni kuchonga malaika. Alisema, “Sijamwona hata mmoja, nitamkosea.”

Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa takatifu na Esther, na Mungu akawajalia watoto wawili, Neema na Fidelis. Kama ilivyo kwetu Waluguru, watoto hao ni wa ukoo wa mama yao, naye akawa mjomba kwa watoto wa dada yake, yaani mimi na kaka yangu Erick. Kwetu mjomba si mtu wa kuleta pipi. Mpwa akitaka kuoa, kusafiri au kuingia kwenye jambo la hatari, ruhusa inatoka kwa mjomba.

Hapa inabidi niseme habari za Stambuli. Wenyeji mnamjua, wageni niwaeleze. Mzee Stambuli Abeid alikuwa mkulima wa iliki upande wa pili wa korongo hilo hapo chini. Zamani ndizi na machungwa yalivuka korongo kichwani, na mjamzito alivushwa kwa machela, wengine wakafia njiani. Stambuli akabuni waya. Alifunga waya wa chuma toka ng'ambo mpaka huku barabarani, akatundika kiti kwenye gurudumu, na kwenye kiti akaweka breki ya mti ya kubana waya. Alijaribu kwa magunia ya machungwa, yakafika salama. Ilibaki kujaribu mtu, na Erick, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, akasema atapanda yeye.

Stambuli, ingawa si wa dini yetu, aliijua mila. Hakwenda kwa baba yetu wala kwa mama. Alishuka mpaka Bigwa kwa mjomba. Mjomba alimuuliza, “Umejaribu?” Akajibu, “Kwa magunia.” Mjomba akasema, “Basi aende.”

Tarehe 20 Mei 1996 asubuhi Erick alipanda. Kulikuwa na ukungu. Breki iliteleza kwenye waya, kiti kikaja kwa kasi yote, kikapiga mwamba wa huku. Tulimzika kesho yake.

Baada ya maziko mjomba alivuka korongo kwenda kwa Stambuli akiwa na panga. Mwenyewe hakulificha jambo hilo maisha yake yote. Alimkuta amekaa kwenye gogo, peke yake, ameinama, kile kipande cha breki kipo mapajani, anakibonyeza kwa kidole gumba. Stambuli hakukimbia. Hakuinua hata kichwa. Alisema, “Gervas, mti ulilowa. Mimi nilijaribu siku za jua.” Halafu akalia. Mjomba aliweka panga chini, akakaa pembeni yake kwenye gogo lilelile, na walikaa hivyo mpaka watu wakaja kuwatafuta.

Stambuli alivisha breki mpira wa tairi la lori, akaongeza breki ya pili, na tangu hapo waya haujaua mtu. Kuna watoto hapa Kinole ambao mama zao waliwahi hospitali kwa waya ule. Stambuli alifariki mwaka 2017.

Mwaka 2020 kamati ya kijiji ikaamua ajengewe sanamu pale Bigwa, njia ya huku inapoanzia, na kazi akapewa mjomba. Kamati ilileta mchoro: Stambuli amesimama, amevaa suti, kidole kimeelekea mlimani. Mjomba aliutazama, akasema, “Huyu ni mgombea. Stambuli yuko wapi?” Wakamwambia mbunifu lazima aonekane ameshinda. Akawajibu, “Mnaotaka kuona alivyoshinda, waya upo, pandeni. Mtu hasimami akabuni kitu. Anakaa chini na kile kilichomshinda.” Hidaya, binti wa Stambuli, naye alikuwa na lake. Alisema, “Baba Neema, kwetu sura ya mtu haichongwi. Marehemu baba atasumbuka.” Mjomba akamtuliza: kichwa kitainama kabisa, uso hautachongwa, utaonekana ukosi na mikono tu. Hidaya akaridhika. Kamati ililalamika, kisha ikachoka.

Ndivyo alivyo Stambuli hadi leo pale Bigwa: amekaa kwenye gogo la jiwe, amejikunja, kipande cha breki mapajani. Pembeni yake kuna nafasi ya mtu mmoja. Kamati ilidhani ni ya watu kupigia picha, na kweli wanapiga. Mimi nilimuuliza mjomba, nikidhani ni ya Erick. Akasema, “Si ya Erick. Erick hakukaa pale. Pale nilikaa mimi. Watu wanasema Stambuli alimuua. Stambuli aliomba ruhusa, na aliyetoa ruhusa ni mimi. Nafasi ile ni yangu.”

Mama yangu hakuyasikia hayo. Alilosikia ni kwamba mdogo wake anamchonga Stambuli. Alikwenda Bigwa mara moja, akasimama mlangoni bila kuketi, akamwambia, “Ulimtoa mwanangu mara ya kwanza, sasa unamtoa mara ya pili. Siku ukifa, kwetu huzikwi.” Kila alipopita penye sanamu kwenda sokoni alijifunika kitenge usoni. Mjomba alituma watu, akatuma mchungaji na padre, akatuma hata watani. Mama aliwarudisha wote.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2019. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, bila nafuu, mpaka daktari mmoja alipoona picha ya mapafu na kumuuliza kazi yake. Ni vumbi la mawe, lililoingia miaka yote hiyo kwa sababu alikuwa akifunga leso tu puani. Dawa haikuwepo. Sanamu aliimaliza mwaka 2023 akiwa anachonga kidogo na kukaa sana. Mwishoni alilala ameketi, maana akilala chali hewa haikumtosha. Alikata roho nyumbani kwake Bigwa, Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, mikononi mwa mke wake Esther.

Mtu wa kwetu huzikwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, na neno la mwisho ni la mama yangu, aliye mkubwa. Kwa hiyo vijana walishika majembe na hakuna aliyejua achimbe wapi. Jana mama aliniambia nimpeleke kwenye sanamu. Alifunua kitenge, akatazama. Nikamweleza ile nafasi ni ya nani. Nilidhani ataketi, au atalia, na mimi nilikuwa nalia tayari. Akasema, “Amechonga vizuri. Lakini mwanangu alikuwa akiniona ananiamkia. Jiwe hili haliniamkii.” Akajifunika tena. Tulipofika kwenye gari akasema, “Mchimbieni Kinole, ubavuni kwa Erick. Akamwambie mwenyewe.”

Marehemu ameacha mjane, Esther, watoto wawili, Neema na Fidelis, wajukuu watatu, na mimi mpwa wake. Ameacha pia dada, Veronika, ambaye yuko hapa, amekaa mbele. Hajasema kama amesamehe. Tunawaomba msimuulize.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Ampe mjomba wetu raha ya milele, na maneno ya kuanzia atakapomkuta Erick.