Kufikiri kwa Sauti

Muuguzi alikuwa ametoka zamu, na alichotaka ni kusinzia tu ndani ya treni mpaka afike kwake. Lakini mbele yake msichana wa chuo alikuwa akimweleza kijana aliyeketi naye kwamba anakwenda kusailiwa. Aliomba nafasi ya mafunzo ya kazi, kuandika programu kwenye kampuni kubwa ya teknolojia.

"Mimi walinisaili mwaka jana," kijana akasema. "Swali nililipatia, ila nililifanya kimya kimya, wakaninyima. Wanataka ufikiri kwa sauti, dada, wakusikie."

"Hata nikikosea?"

"Hapo ndipo wanapotega sikio. Wanataka kuona utajirekebishaje."

"Kaka, kwetu anayejisemea peke yake anaombewa."

Muuguzi akajitia kukohoa ili asicheke. Usingizi ulishaaga.

"Mimi nikianza kusema, akili inasimama," msichana akaendelea, safari hii kwa sauti ya chini. "Nikinyamaza, jibu linakuja lenyewe."

"Basi jibu utalipata, nafasi utaikosa kama mimi."

Treni ikapunguza mwendo. Msichana akasimama. Kijana naye akasimama, akaiweka sawa kola ya shati.

"Na wewe unashukia hapa?"

"Nimeomba tena. Wananisaili leo."

Msichana akamkazia macho. "Sasa mbona umenifundisha?"

Milango ikafunguka, wakashuka. Muuguzi akanyoosha shingo dirishani mpaka akawaona wakipanda ngazi za stesheni bega kwa bega, bado wanabishana.